Marefa wa Kuazima na Sisi Watu wa Reli



Yako maneno yanayosemwa kila siku katika nyumba za reli hapa Molo, nasi tumeona ni afadhali tuyaweke katika karatasi hii kuliko kuyaacha yazunguke hotelini yakiongezwa chumvi. Maneno yenyewe ni haya: mtu anayekubali kushika kazi ya mwenzake wakati mwenzake amegoma, tumhesabu kuwa nani, na tumtendeje? Wengine wetu wana jibu fupi, nalo ni jiwe. Sisi tunaoandika haya tulikuwa na jibu hilo hilo mwaka jana. Leo hatuna hakika nalo tena.

Mazungumzo yaliamshwa na mpira. Jumapili moja tulikwenda kutazama mechi ya kombe dogo la mtaa. Timu zilifika, watu walifika, hata mwuza njugu alifika, lakini marefa waliketi chini ya mti na nguo zao za kazi, wakasema hawapulizi filimbi mpaka walipwe posho ya mechi nne zilizopita. Wenye kombe, ambao hatuwataji, hawakubishana nao sana. Walimwita kijana mmoja fundi wa pikipiki aliyekuwa miongoni mwa watazamaji, wakampa filimbi ya kuazima, na mchezo ukaanza.

Kijana mwenyewe si mbaya. Lakini alikuwa mwenyeji wa mtaa wa timu moja, na kila mtu alijua. Tena kukimbia dakika tisini katika miinuko hii ya Molo si kazi ya kujifunza siku moja. Kipindi cha pili beki mmoja alikanyagwa goti mbele ya macho yetu na filimbi haikulia, kwa kuwa mwenye filimbi alikuwa mbali nyuma, ameinama akihema. Mpira ulipokwisha watu walimzunguka kutaka kumpiga, magolikipa wawili wakamwokoa. Alipokwenda kuomba posho yake aliambiwa angoje, atalipwa pamoja na wale marefa waliokataa kuchezesha. Mpaka leo angali akingoja.

Tuliporudi tulikuwa tukicheka njiani, ndipo gadi mmoja mzee akatwambia: "Vijana wangu, yule refa na mimi tuna vyombo vya kazi vile vile, filimbi na bendera. Siku nitakapogoma mimi, atapewa nani?" Tukaacha kucheka, kwa maana kila mmoja alikumbuka habari ya lori, nayo tutaifikia.

Kwanza tutoke Molo kidogo. Huko Marekani wana mpira wao wa kubeba mikononi, ule wenye umbo la yai, na ligi yao kubwa huitwa NFL. Mwezi wa Juni 2012 wenye ligi hiyo waliwafungia nje marefa wao, watu kama 120. Angalieni vizuri: marefa hawakugoma. Mkataba wao ulikuwa umekwisha, mapatano hayakupatikana, na mwenye mali akafunga lango. Ugomvi ulikuwa juu ya mshahara, na zaidi juu ya malipo ya uzeeni. Ligi ilitaka kuondoa pensheni ambayo mtu hujua tangu leo atapata kiasi gani, iweke mahali pake akiba inayopanda na kushuka kama bei ya viazi vyetu. Nayo ligi hiyo ilikuwa ikiingiza kama dola bilioni 9 kwa mwaka.

Basi wakatafutwa marefa wa kuazima. Waamuzi wa vyuo vikubwa hawakupatikana, ikabidi kuwachukua wa vyuo vidogo na wa mashule. Msimu ulipoanza Septemba, kila wiki ilikuwa na kioja chake. Mmoja aliondolewa saa chache kabla ya mchezo kwa sababu ilionekana kuwa yeye mwenyewe ni mshabiki wa timu mojawapo, kama fundi wetu wa pikipiki. Hata usiku wa Jumatatu tarehe 24 Septemba 2012, mjini Seattle, katika dakika ya mwisho kabisa, Seattle wakarusha mpira mrefu hadi mahali pa kufungia. Wachezaji wawili, mmoja wa Seattle na mmoja wa Green Bay, wakaanguka nao wameukumbatia wote wawili. Marefa wawili wakaja mbio, wakasimama bega kwa bega. Mmoja akainua mikono juu, maana yake Seattle wamefunga. Mwenzake akapunga mikono, maana yake saa isimame. Watu mamilioni waliona picha ile. Seattle wakapewa ushindi, 14 kwa 12. Kesho yake ligi yenyewe ikakiri kwamba kulikuwa na kosa la kusukuma ambalo lilipasa kuadhibiwa, lakini matokeo yakaachwa vile vile.

Hapo tena mwenye mali akaona haraka. Siku mbili baadaye, tarehe 26, mapatano yalikuwa tayari. Marefa wenyewe waliporudi uwanjani Baltimore tarehe 27, watazamaji walisimama wakawapigia makofi, jambo ambalo refa halipati katika maisha yake yote. Hata gavana wa jimbo la Wisconsin, kwao Green Bay, alikuwa amepiga kelele kwamba marefa wa kweli warudishwe. Gavana huyu ndiye aliyetia sahihi mwaka 2011 sheria ya kuwanyang'anya vyama vya wafanya kazi wa serikali ya jimbo lake karibu haki yote ya kupatana na mwajiri. Mwalimu akifungwa mdomo, kwake ilikuwa sawa. Timu yake ilipofungwa, akakumbuka thamani ya fundi.

Marefa hawakupata yote. Mshahara wa wastani, uliokuwa dola 149,000 mwaka 2011, ulipangiwa kufika 173,000 mwaka 2013, na pensheni ya zamani ikabaki kwa waliokuwamo mpaka msimu wa 2016, kisha ikaondoka. Twayataja haya kwa sababu baadhi ya ndugu husimulia habari hii kama kwamba kosa moja la refa wa kuazima lilimleta mwajiri magotini. Halikumleta magotini.

Tena twaona hatari kubwa katika kuisimulia hivyo. Maana yake ni kwamba mfanya kazi aliyefungiwa nje akae nyumbani akiomba kosa litokee. Katika mpira kosa ni pointi chache na fedha za wale wanaobashiri. Lakini sisi ni watu wa reli. Kutoka Njoro kupita Elburgon, Turi na Molo hadi kituo cha Mau Summit, njia hii iliyofika Kisumu mwaka 1901 hupanda mpaka futi zaidi ya 8,300, kisha hutelemka upande wa pili. Upana wa reli ni mita 1 tu. Katika kona, boliti zikilegea na mataruma yakioza, upana ukizidi kidogo tu, gurudumu huanguka ndani, na behewa lililo nyuma halina habari. Mwaka 2021 treni ya abiria ya Nairobi na Kisumu iliporudishwa, mama zetu walipanda na watoto mgongoni. Je, tungoje kosa la namna gani ndipo watu watupigie makofi?

Kwa hiyo yatupasa kuuliza swali jingine juu ya marefa wale. Nani aliwawezesha wa kuazima kufanya kazi wiki tatu nzima? Refa peke yake hana mchezo. Wachezaji ndio waliocheza, nao wana chama chao chenye nguvu. Ni kweli mkataba wao ulikuwa umewakataza kugoma, hatuwahukumu kwa hilo. Chama chao kiliandika barua ya wazi tarehe 23 Septemba kuwaambia wenye timu kwamba usalama wa wachezaji unachezewa. Barua nzuri, lakini msimu ulikuwa umekwisha anza, na wachezaji walikuwa wamekwisha umizana chini ya filimbi ile ya kuazima.

Sasa tazameni Scotland, Novemba 2010. Marefa wa daraja la juu walichoka kuitwa waongo na wapendeleaji kila wiki na wakuu wa vilabu, wakapiga kura kugoma mechi za mwisho wa wiki ya tarehe 27. Chama cha mpira cha huko kilikuwa na siku chache tu, kikaandika kwa nchi za nje kuomba marefa. Waliokuja walitoka Luxembourg, Israel na Malta, na mechi za ligi kuu zikapigwa filimbi. Lakini wako Wapoland na Wareno waliokuwa wamekwisha hesabiwa katika orodha, nao walijitoa. Hawakupigwa jiwe na mtu yeyote. Walipata habari ya mambo yenyewe kabla ya filimbi, nasi twaamini hilo ndilo lililofanya kazi.

Ndugu wengine watasema Ulaya ni Ulaya. Haya, tuje kwetu. Madaktari wa serikali hapa Kenya waligoma tangu tarehe 5 Desemba 2016 mpaka tarehe 14 Machi 2017, siku 100, wakidai mkataba wa mwaka 2013 utimizwe. Viongozi wao saba walitiwa jela mwezi wa Februari. Siku chache baada ya mgomo kwisha, ikatangazwa kwamba Tanzania itaipa Kenya madaktari 500, kwa kuwa huko walikuwako waliosoma na kuhitimu bila kazi. Madaktari wa Kenya wakaenda mahakamani, mahakama ikasimamisha jambo lile, na Rais Magufuli akaagiza waliokwisha kubaliwa, 258, waajiriwe kwao Tanzania. Twasema kweli, mgomo ulikuwa umekwisha, na madaktari wale wa Tanzania hawakuvunja mgomo wa mtu. Lakini wakati ule maneno mengi mabaya yalisemwa hotelini juu ya "hao Watanzania", wala hakuna aliyesema neno juu ya daktari kijana wa Dodoma au Mwanza aliyekaa na cheti chake sandukuni. Yeye alikuwa na njaa ya kazi kama sisi.

Hata katika marefa wale wa kuazima wa Marekani, alikuwamo mwanamke wa kwanza kuamua mechi ya msimu katika ligi ile, Septemba 2012. Mlango wa haki ulikuwa umefungwa kwa wanawake tangu ligi ianze. Aliingia kwa mlango wa nyuma kwa kuwa ndio uliofunguliwa. Mwanamke aliyeingia kwa mlango wa mbele na kupewa kazi ya kudumu alikuja mwaka 2015. Hatusemi wa kwanza alifanya vema. Twasema chama kisichowafungulia watu mlango kisishangae kuwaona dirishani.

Sasa habari ya lori.

Mwaka jana vibarua wa gengi katika kipande kimoja cha njia upande wetu, walioajiriwa na mkandarasi mmoja, waliweka chini sururu zao kwa sababu ya mshahara wa miezi miwili. Siku ya tatu asubuhi, ukungu haujaondoka, lori likaleta vijana kama ishirini. Watu wa gengi walikuwa wakingoja kando ya njia, na baadhi yetu tulikuwa pamoja nao. Tulirusha mawe. Hatutasema ni nani alirusha lipi, kwa maana hatujui, na ndiyo sababu twasema sisi. Kijana mmoja alipigwa juu ya jicho, akashonwa nyuzi saba. Jioni tukasikia ni mtoto wa mzee mmoja mtu wa pointi, amekwisha staafu, ambaye wengine wetu tulikula ugali wake tulipokuwa wapya kazini. Kijana hakuwa ameambiwa kuna mgomo. Aliambiwa kuna kazi ya siku tano. Alipanda lori akiwa na furaha.

Vijana wale walifanya kazi siku tisa. Na katika siku zile tisa treni hazikusimama. Madereva wenye kadi za chama walipita juu ya kipande kile. Magadi wenye kadi za chama waliinua bendera ya kijani. Sisi tuliokuwa tukirusha mawe asubuhi tuliingia kazini mchana, tukapitisha treni juu ya kokoto zilizoshindiliwa na mikono ile ile tuliyoipiga. Nani basi alivunja mgomo wa gengi? Aliyekuwa na jeraha kichwani, au aliyekuwa na bendera mkononi? Twaona aibu kuandika haya, lakini ni kweli, na kila mtu wa Molo ayajua.

Tulipokuwa shule ya misheni tulisomeshwa habari ya mchungaji wa mshahara anayekimbia aonapo mbwa mwitu. Mwalimu alituambia ni mtu mbaya sana. Siku hizi twatamani kumwuliza mwalimu, je, alikuwa amelipwa mwezi ule?

Kijana mwenye kovu ameomba kuingia chamani. Sasa ana kazi ya kibarua katika njia, na ameleta kiingilio chake kwa katibu mara mbili. Mara mbili kimerudishwa, kwa sababu wako wanachama wanaosema msaliti hapewi kadi. Jambo hili litakuja mbele ya mkutano wetu wa tawi. Sisi tutapiga kura apewe. Twajua ndugu wa gengi wana uchungu, maana ni mkate wao uliochukuliwa, na mwisho walipata mwezi mmoja tu katika miwili waliyodai. Hatuwezi kuwaambia wasiwe na uchungu. Twawaomba wautazame tena ule mstari wa watu waliosaidia kumshinda mwenye gengi, wahesabu kijana huyu ni wa ngapi, nasi magadi na madereva ni wa ngapi. Akiwa nje hata kesho atapanda lori jingine, na safari hii atakuwa na sababu.

Tena liko jambo ambalo tungetaka mkutano ulifikiri. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yasema kila mfanya kazi ana haki ya kugoma, na Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 yataka notisi ya siku saba kwa maandishi. Siku hizo saba tumezoea kuzikaa kwa maneno na nyimbo. Mwajiri hakai. Mwajiri huzitumia kutafuta lori. Basi nasi tuzitumie. Siku ile notisi inapotolewa, barua fupi ya Kiswahili chepesi iende kila mahali ambapo vijana hukaa wakingoja kazi: Turi, Elburgon, Njoro, Londiani. Iseme kuna mgomo mahali fulani, sababu ni hii, mshahara uliozuiwa ni kiasi hiki, na ukiitwa kazini siku hizi uliza ni kazi ya nani. Isomwe makanisani kama wachungaji watakubali, na kwenye masteji ya boda. Atakayepanda lori baada ya kuisikia, hapo tutakuwa na neno naye.

Na kwa sisi tunaopitisha treni: sheria hiyo hiyo hairuhusu mgomo wa kuwaunga mkono wengine, hatutaki mtu apoteze kazi kwa ujinga. Lakini Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya 2007, yamtaka mfanya kazi amjulishe msimamizi wake aonapo hatari. Njia ikishikwa na watu wasiofundishwa, dereva na gadi waulize kwa maandishi, siku ya kwanza, wala si wiki ya tatu kama wachezaji wale: ni nani aliyekagua kipande hiki, jina lake nani, ametia sahihi wapi? Nakala ije kwa katibu. Msimamizi asiyekuwa na jina la kuandika ataona mwenyewe kama treni ipite.

Mkutano ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nane mchana, mahali pale pale. Wenye baiskeli au pikipiki wanaoweza kupeleka barua wampe katibu majina yao kabla ya siku hiyo. Mafuta chama hakiwezi kulipa, tumekwisha uliza.